Louis Pasteur: Mtoto wa mtengeneza ngozi aliyeokoa mvinyo usichache

KILA inapokaribia Krismasi na Mwaka Mpya, wenye maduka ya vinywaji wa Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tegeta huongeza mzigo. Mvinyo wa Dodoma hupangwa rafu moja na ule wa Afrika Kusini, na jirani yao mama muuza juisi huongeza ndoo za ukwaju na rozela. Wote wameweka mtaji wao kwenye jambo moja: kinywaji kifike mezani kwa mteja kikiwa na ladha ileile kiliyotoka nayo kwa mtengenezaji. Kikichacha njiani au rafuni, hasara ni ya muuzaji, na mteja aliyekinunua kwa ajili ya pilau la sikukuu harudi tena.

Hofu hiyo si ngeni. Miaka zaidi ya 150 iliyopita iliwakosesha usingizi wakulima wa zabibu na wafanyabiashara wa mvinyo wa Ufaransa, nchi iliyokuwa ikiuza kinywaji hicho duniani kote. Aliyewatafutia dawa hakuwa mkulima wala mfanyabiashara. Alikuwa mwanakemia, Louis Pasteur, ambaye jina lake leo limo kwenye neno pasteurizesheni linaloandikwa kwenye pakiti za maziwa. Wengi wanamfahamu kwa maziwa hayo na kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Wachache wanajua kwamba njia ya maziwa ilianzia kwenye mvinyo, na kwamba ilibidi kwanza ipite mtihani wa ndimi za waonjaji.

Alikulia kwenye mji wa zabibu

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa askari wa zamani wa jeshi la Napoleon I aliyerudi uraiani na kufanya kazi ya kutengeneza ngozi. Familia haikuwa na mali ya kujivunia. Louis akiwa bado mdogo walihamia Arbois, mji uliozungukwa na mashamba ya zabibu, ambako karibu kila nyumba ilihusika na mvinyo kwa njia moja au nyingine. Alikua akiona zabibu zikivunwa, zikikamuliwa na juisi yake ikiumuka kwenye mapipa.

Shuleni hakuwa mtoto wa ajabu. Kipaji chake kilichoonekana mapema kilikuwa kuchora picha za watu. Mwaka 1838 alipelekwa Paris kusoma, lakini alipakumbuka nyumbani kiasi cha kuugua, na baba yake alilazimika kwenda kumrudisha. Hakukata tamaa. Alijaribu tena, na mwaka 1843 akaingia katika chuo maarufu cha ualimu cha Paris, École normale supérieure. Mwaka 1847 alipata shahada ya udaktari.

Ugunduzi wake wa kwanza mkubwa ulitokana na kitu ambacho kila mtengeneza mvinyo hukikuta kwenye pipa: fuwele za asidi inayoganda pembeni mwa chombo. Mwaka 1848, akiwa na miaka 25, alizitazama fuwele za chumvi ya asidi ya aina hiyo kwa hadubini na kuona kwamba ziko za namna mbili, zinazofanana kama mkono wa kushoto unavyofanana na wa kulia. Akazitenganisha moja moja kwa mkono. Kazi hiyo ilimpa jina miongoni mwa wanasayansi, na mwaka 1849 alikuwa akifundisha kemia katika mji wa Strasbourg, ambako alimwoa Marie Laurent. Mama huyo alikuwa pia mwandishi na msaidizi wake hadi mwisho.

Kiwanda kilichokuwa kikipata hasara

Mwaka 1854 Pasteur alihamishiwa Lille, mji wa viwanda, akiwa mkuu wa kitivo cha sayansi. Miaka miwili baadaye mwenye kiwanda mmoja alimwendea na shida. Alikuwa akitengeneza pombe kali kutokana na viazisukari, lakini baadhi ya mapipa yake yalikuwa yakiharibika na kutoa uchachu badala ya pombe. Kila pipa lililoharibika lilikuwa fedha iliyomwagwa.

Pasteur alichukua sampuli za mapipa mazuri na mabaya akaziweka chini ya hadubini. Katika mapipa mazuri aliona chembe za mviringo za hamira. Katika yale yaliyochacha aliona vijiti vidogo mno, tofauti kabisa na hamira. Wakati huo wakemia wengi wakubwa waliamini kwamba uchachushaji ni kuoza tu kwa kemikali, hauhitaji kiumbe hai. Pasteur alisema kinyume. Hamira ni kiumbe hai kinachokula sukari na kutoa pombe, na vile vijiti ni kiumbe kingine kinachotengeneza asidi. Kazi ya mtengenezaji, kwa hoja hiyo, ni kumlisha mfanyakazi anayemtaka na kumzuia mwizi asiingie.

Mwaka 1857 alirudi Paris. Huko aliingia katika mabishano makali na waliodai kwamba vijidudu huzuka vyenyewe ndani ya chakula. Alichemsha supu ndani ya chupa zenye shingo ndefu iliyopinda, hewa ikipita lakini vumbi likinasa kwenye mpindo. Supu haikuharibika. Shingo ilipovunjwa, iliharibika. Vijidudu, kwa hiyo, vilitoka nje.

Mvinyo uliokufa safarini

Mwaka 1860 Ufaransa na Uingereza zilitia saini mkataba wa biashara uliopunguza ushuru. Soko la mvinyo likapanuka, lakini malalamiko nayo yakaongezeka. Mvinyo uliotoka shambani ukiwa mzuri ulifika kwa mnunuzi ukiwa siki, au mchungu, au wenye utelezi kama mlenda. Mwaka 1863 mtawala wa Ufaransa, Napoleon III, alimtaka Pasteur achunguze magonjwa hayo.

Alirudi Arbois, mji wa utoto wake. Hakuwa na maabara, hivyo akapanga chumba kilichokuwa mgahawa. Vifaa alitengenezewa na mafundi wa pale pale: seremala, mhunzi na fundi bati. Watu wa mji walivicheka vifaa hivyo. Lakini chumba hicho kilitoa majibu. Kila ugonjwa wa mvinyo ulikuwa na kijidudu chake. Kilichougeuza kuwa siki hakikuwa kilichouleta uchungu, na kilichouleta uchungu hakikuwa kilicholeta utelezi. Alilinganisha alichokiona kwenye hadubini na ladha iliyoonjwa ulimini, chupa moja baada ya nyingine.

Dawa aliitafuta kwanza kwenye kemikali, kisha akaiacha na kugeukia joto. Aligundua kwamba mvinyo ukipashwa hadi kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi kwa muda mfupi, bila kuingiwa na hewa, vijidudu vinakufa na kinywaji kinadumu. Kabla yake Mfaransa mwenzake, Nicolas Appert, alikuwa ameshahifadhi vyakula kwa kuvichemsha ndani ya chupa zilizozibwa. Pasteur aliongeza mambo mawili: sababu kwa nini joto linafanya kazi, na kipimo cha joto hilo. Kuchemsha mvinyo kungeuua kabisa. Nyuzi 55 hivi ziliua vijidudu na kuacha ladha.

Aliichukulia njia hiyo hataza mwaka 1865, kisha akaiacha itumiwe na umma bila malipo. Mwaka 1866 alichapisha kitabu chake kuhusu mvinyo, na mwaka uliofuata kazi hiyo ikapata tuzo kubwa katika maonyesho ya kimataifa ya Paris.

Miaka hiyo ilimgharimu sana. Baba yake alifariki Juni 1865. Septemba mwaka huohuo alimzika binti yake mdogo, Camille, na Mei 1866 binti mwingine, Cécile, alikufa kwa homa ya matumbo. Mkubwa wao, Jeanne, alikuwa ameondolewa na homa hiyo hiyo mwaka 1859. Kati ya watoto watano, wawili tu ndio waliobaki. Alikuwa akitafuta njia ya kuua vijidudu vya mvinyo huku vijidudu vya maradhi vikimaliza nyumba yake.

Mtihani wa waonjaji

Wafanyabiashara hawakuipokea dawa yake kwa urahisi. Hoja yao ilikuwa moja: mvinyo uliopashwa moto hauwezi kuwa na ladha ya mvinyo. Hoja hiyo ilikuwa nzito, kwa sababu mteja hanunui afya ya kinywaji, ananunua ladha yake. Kama joto lingeharibu ladha, dawa ingekuwa ghali kuliko ugonjwa.

Pasteur hakubishana nao kwa maneno. Mwaka 1865 aliita jopo la waonjaji kutoka miongoni mwa wauzaji wa jumla wa mvinyo wa Paris, watu waliokuwa wakiishi kwa ndimi zao. Waliwekewa mvinyo uliopashwa moto na ule ambao haukupashwa, ili waulinganishe. Tofauti walizoziona zilikuwa ndogo mno, na hawakukubaliana daima ni upi ulio bora. Pasteur akashuku kwamba mawazo yao yanawadanganya, akawategea mtego. Aliwapa glasi mbili za mvinyo mmoja, bila kuwaambia. Wakaona tofauti ambayo haikuwapo. Jopo lenyewe likakiri kwamba mawazo ya mwonjaji yana nguvu kubwa juu ya ulimi wake.

Mtihani wa pili ulifanyika baharini. Jeshi la majini la Ufaransa lilikuwa likipoteza mvinyo mwingi katika safari ndefu. Meli ya Jean Bart ilipakia lita 500 katika bandari ya Brest, nusu zimepashwa moto na nusu hazikupashwa. Baada ya miezi kumi mvinyo uliopashwa ulikuwa safi na mtamu kinywani, na ule mwingine ulikuwa umeanza kuwa mchachu.

Kutoka kwenye pipa hadi zizini

Akiwa bado na kazi ya mvinyo, Pasteur aliitwa kusini mwa nchi kuokoa viwavi wa hariri waliokuwa wakifa na kuwafilisi wafugaji. Oktoba 1868, akiwa na miaka 45, alipatwa na kiharusi kilichodhoofisha upande wake wa kushoto hadi mwisho wa maisha. Aliendelea kufanya kazi. Mwaka 1876 alichapisha kitabu kuhusu bia.

Mwaka 1878 alirudi tena kwenye zabibu, kwa sababu baadhi ya wanasayansi walikuwa bado wakidai kwamba hamira inazuka yenyewe ndani ya juisi. Alifunika mizabibu karibu na Arbois kwa vibanda vya vioo mapema, matunda yakiwa bado machanga, na vishada vingine akavifunga kwa pamba. Zabibu zilipoiva na kukamuliwa, juisi haikuumuka. Zilizoiva wazi ziliumuka kama kawaida. Hamira hutua kwenye ganda la tunda kutoka nje.

Wafugaji wa leo wana deni kubwa zaidi kwake. Alitengeneza chanjo ya kipindupindu cha kuku, kisha ya kimeta. Mei 1881, katika kijiji cha Pouilly-le-Fort, alichanja hadharani kondoo 24, mbuzi 1 na ng'ombe 6, na kuacha kundi jingine bila chanjo. Wote wakaambukizwa kimeta. Juni 2 umati ulipokuja kutazama, waliochanjwa walikuwa wazima na kondoo wasiochanjwa walikuwa wamekufa au wakikata roho. Julai 1885 alimtibu kwa chanjo ya kichaa cha mbwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa, na mtoto huyo akapona. Taasisi inayobeba jina la Pasteur ilifunguliwa Paris mwaka 1888. Yeye mwenyewe alifariki Septemba 28, 1895, akiwa na miaka 72, na mwili wake umehifadhiwa ndani ya taasisi hiyo.

Joto la kipimo na joto la bati

Viwanda vingi vya mvinyo leo havitegemei joto. Huchuja vijidudu kwa vichujio laini na kuongeza kiasi kidogo cha dawa za salfa. Lakini sababu iliyogunduliwa Arbois ndiyo ileile inayoongoza maziwa, juisi na bia. Maziwa hupashwa nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Mjasiriamali wa juisi anayepasha kwa kukisia, leo moto mwingi na kesho kidogo, hawezi kujua kwa nini chupa za Jumatatu zinadumu na za Ijumaa zinatoa povu. Kipimajoto ni kifaa cha bei ndogo kuliko katoni za juisi iliyorudishwa na wateja. Anayetaka kuuza madukani atahitaji pia alama ya ubora ya TBS, na SIDO ipo kwa ajili ya kuwasaidia wasindikaji wadogo.

Ieleweke pia kwamba joto la Pasteur si joto la duka la bati. Lake lilikuwa la dakika chache, chupa ikiwa imezibwa, kisha kinywaji kikapozwa. Mvinyo uliosafiri takriban kilomita 450 kutoka Dodoma na kukaa wiki nzima chini ya paa la bati Chamazi au Bunju unazeeshwa kabla ya wakati wake. Harufu ya tunda inapotea na ladha inakuwa kama ya matunda yaliyopikwa. Chupa ziwekwe chini, mbali na ukuta unaopigwa na jua na mbali na mwanga wa dirisha. Zenye kizibo cha gome zilazwe ili kizibo kisikauke. Chupa iliyofunguliwa izibwe, iwekwe kwenye friji na inywewe ndani ya siku chache, kwani hewa ndiyo rafiki wa kijidudu cha siki.

Mezani

Somo la jopo la Paris linamfaa muuzaji yeyote anayetaka kumshauri mteja wake kinywaji kipi kiende na chakula gani. Bei iliyobandikwa na jina la kigeni kwenye chupa huonjwa kabla ya mvinyo wenyewe. Njia ya kuepuka mtego huo ni rahisi. Weka vikombe vitatu visivyo na jina, viwili vyenye kinywaji kimoja na cha tatu chenye kingine, na mwonjaji ataje kilicho tofauti. Anayebahatisha atapata mara moja kati ya tatu. Kwa waonjaji 10, hesabu inataka angalau 7 wapatie ndipo muuzaji aamini kwamba tofauti ipo kweli. Kwa njia hiyo mfanyabiashara anaweza kujua kama mteja wake anaitambua tofauti anayoilipia.

Kwenye chakula, kanuni chache zinatosha. Samaki wa kukaanga na ndimu, au wali wa nazi kwa samaki, huenda vizuri na mvinyo mweupe mkavu wenye uchachu kidogo, kama ule unaotokana na zabibu za Chenin Blanc zinazolimwa Dodoma. Mvinyo mwekundu mkavu, wenye ukakasi unaokausha ulimi, unataka nyama ya mafuta: mishkaki, mbuzi choma au ndizi nyama. Mvinyo huohuo ukiwekwa pembeni ya dagaa huleta ladha ya chuma mdomoni. Pilau na vyakula vyenye pilipili vinataka kinywaji chenye utamu kidogo na pombe ndogo, kwa sababu pombe huongeza moto wa pilipili.

Nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni hazinywi pombe, na Idi nayo ni sikukuu ya biashara. Kanuni hazibadiliki. Uchachu wa ukwaju hukata mafuta ya pilau la nyama kama mvinyo mkavu ufanyavyo, rozela yenye ukakasi wake hukaa vizuri na nyama choma, na juisi ya zabibu isiyochachushwa hupoza pilipili. Muuza juisi anayejua hayo huuza glasi ya pili.

Mkulima wa zabibu wa Dodoma, anayeweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, yuko mwanzo wa mnyororo huo. Mama wa juisi wa Tandika na mwenye duka wa Tegeta wako mwisho wake. Kinachowaunganisha ni kinywaji ambacho hakijaharibika kikiwa katikati. Mtoto wa mtengeneza ngozi wa Arbois alionyesha jinsi ya kukilinda kwa kipimajoto, kwa usafi wa chombo na kwa kukubali kwamba mtengenezaji si mwonjaji wa haki wa bidhaa yake mwenyewe. Kabla ya mzigo wa Desemba kuingia, vikombe vitatu na waonjaji kumi wa mtaani vinatosha kuanzia.